Jino Lisilo na Kosa

Usiku wa kwanza nilimpa karafuu.
"Ibane hapo," nikasema, "litanyamaza."
Usiku wa pili, maji ya chumvi
(chumvi, jamani, kana kwamba hakuwa nayo ya kutosha).
Usiku wa tatu Haikaeli alikaa kitandani
ameshika taya kama mtu anayezuia mlango,
na mimi, Mungu anisamehe, nikageukia ukutani.

Asubuhi akaenda Kiboriloni,
maana siku ya soko haijui jino.
Julai hiyo Moshi ilijifunika ukungu hadi shingoni,
mlima haupo, wateja wanapuliza viganja,
yeye kakunjua furushi la makoti
na jasho linamtiririka mgongoni.
"Umri huo, shoga," akasema jirani yake wa meza. "Utazoea."
Kila mtu alikuwa na jina lake la ugonjwa.
Mimi: jino. Shoga: umri.
Mwenyewe: kiungulia, maharage yale ya jana.
Kikulacho ki nguoni mwako,
na nguo ndiyo biashara yake;
miaka kumi na tisa anakagua mishono ya watu asiowajua
huku wake unafumuka.

Saa nane tulishuka mjini,
kwa kijana mng'oa meno anayeitwa Mringo,
ngazi kumi na nne juu ya duka la vipuri.
Ngazi ya tisa alisimama.
Nikamwambia: jikaze.
Neno hilo bado limenikaa kooni.

Mringo akagonga jino kwa mpini wa kioo.
Kimya. Akagonga majirani zake. Kimya.
"Mama, jino hili halina kosa. Linauma wakati gani?"
"Nikipanda. Nikibeba."
"Na ukikaa?"
"Linapoa."
Akaweka koleo chini.
"Jino gani hilo, mama, linalopumzika ukipumzika?"

Hakusubiri jibu. Akauliza mkono wa kushoto:
mzito, tangu Jumapili. Kichefuchefu: ndiyo.
Kifua? "Hakiumi. Ni kama mtu ameketi tu."
Ameketi tu!
Mke wangu, mpole hata kwa anayemkalia.
Na dawa za presha? Akanitazama mimi.
Aliziacha tangu Pasaka, siku aliposema amepona,
nami nilijua, nikaifurahia elfu kumi na nane iliyobaki.

"Tafuna, mama, usimeze nzima,"
aspirini kiganjani, simu sikioni,
na bajaji tayari inaunguruma chini.
KCMC, honi hadi getini.

Ya ndani sitayasimulia. Siyajui.
Nilikaa kwenye benchi na mkoba wake mapajani,
nikanusa karafuu, moja, aliyoitema
akaifunga kwenye leso asije akaniudhi.

Kopo la chumvi sasa limehamia kabatini,
juu, ambako mimi mwenyewe hulifikia kwa stuli.
Nyama ya kukaanga imekuwa mgeni wa Krismasi.
Sigara zangu nilizitupa.
Hapana, nilimpa fundi viatu,
kesho yake nikamwomba moja.
Ya pili sijaomba.
Jioni tunatembea hadi daraja la Rau,
mwendo wake, si wangu,
akisimama nasimama, wala simwambii neno.
Vidonge anameza taarifa ya habari inapoanza,
apone asipone.

Lakini kuna usiku ninaamka nikisikiliza pumzi zake,
nikiiwaza ile koleo.
Ingekuwa mkono mwingine, wenye haraka ya elfu kumi,
tungerudi nyumbani na jino kwenye karatasi,
tukishukuru,
na ukubwa wa pengo nisingeujua hadi asubuhi.

Jana alinunua hindi la kuchoma pale darajani.
Alilitafuna upande ule ule, kwa jino lile lile,
kra, kra, kra,
nikamwomba anigawie, akanikatalia.